Dakika Kumi na Nane

Walinilipa nitambae.
Shuka la pamba, rangi ya chungwa iliyokorogwa
katika ndoo yetu ya kuogea,
milia meusi niliyoichora mwenyewe, mingine imepinda,
na chini yake mimi, Salihin bin Kasim,
magoti yakimenyeka kwenye mizizi,
chui milia kwa ujira wa kutwa.

Dokta Nurhaida Lubis, wa Medan,
alijibanza nyuma ya shina, saa kiganjani.
"Usikimbie," aliniagiza. "Chui hana haraka.
Na usitazame juu."

Nilitazama juu. Shuka lilikuwa na tundu.

Kemiri alikuwa kwenye mtini, nywele kama kutu ya bati,
orangutani mzima, mzito, ametulia kama mwenye nyumba,
na mwanawe Pala, hajatimiza miaka mitatu,
amemganda ubavuni.
Aliniona. Akaacha kutafuna.
Tini ikamponyoka mdomoni
ikaangukia mgongo wangu wa kuazima.
Akamvuta mtoto, akamfunika kwa mkono mrefu,
na hakutoa sauti. Hata pumzi sikuisikia.

Nilipofika kichakani nikavua uchui wangu,
nikamdharau kidogo, nisiseme uongo.
"Hakuogopa," nikanong'ona.
"Ameziona kandambili zangu."

Dokta akainua kidole: ngoja.

Dakika tano. Ruba akapanda soksi ya Dokta,
naye akamwacha apande.
Dakika kumi. Kijani kile, kimya kile, jasho.
Nikaanza kuwaza bei ya mchele.
Dakika kumi na tano, nikasinzia.

Ya kumi na nane,
pasipo na chui, wala shuka, wala mimi,
Kemiri akakunja midomo, akafyonza hewa:
mlio wa busu, lakini busu kali,
kama mtu anayenyonya uboho mfupani.
Tena. Na tena.
Macho yake kwenye njia tupu,
na macho ya Pala yakafuata yake
mpaka kwenye majani niliyoyalaza kwa magoti.

"Angelia chui akiwapo," Dokta alisema akiandika,
"angemuuza mtoto. Ameinyamazia hofu hadi ipite,
sasa anamsimulia."
Akasimama kidogo. Akaikata kalamu yake mstari mmoja.
"Labda. Hapo niweke labda."

Aweke. Mimi sikuwa na daftari.
Mimi nilisikia tu mama akimwambia mwana:
hapa palikuwa na kitu.
Si pana. Palikuwa.
Na nilidhani neno hilo ni letu peke yetu,
sisi tunaozika.

Jioni rangi ilikataa kutoka kwenye kucha.
Mahyuni alicheka, akaniita Baba Chungwa,
akapakua wali, akanikalia mkabala,
miaka tisa, nyusi za mama yake zilezile.
Akauliza anachouliza kila msimu wa mvua:
kwa nini tunazunguka shamba la Pak Rusydi,
kwa nini hatupiti kando ya mto
kama watoto wengine waendao shule.

Nina jibu langu la siku zote.
Kula, wali unapoa.
Miaka saba nimempa wali wa moto
na njia ndefu.
Nimeyasema mengine yote: nyoka, umeme, watu wa magari.
La mto nimelikalia,
nikijiambia bado hajapita, bado yupo chini ya mti,
nikilia atajua mtoto alipo.

Lakini maji yale yalipita.
Yalipita usiku mmoja, na asubuhi yalikuwa ya magoti,
watoto wa jirani wakiokota masufuria.

Nilikunja midomo. Hewa ikaingia kwa sauti
ambayo Mahyuni hakuitambua.
"Palikuwa na daraja pale," nikasema.

Akaacha kutafuna.