Chokaa na Saruji

Jino namba kumi na saba, kopo la kushoto.
Mwenyewe ni Nderingo wa Kibosho, miaka kumi na minne,
meno yamebanana kama migomba isiyopunguzwa.
Manne lazima yatoke ili waya zipate njia,
na kwa kuwa yatatoka,
tuliomba tuyaazime kwanza.

Mama yake aliisoma karatasi mara mbili.
“Mtalitoboa jino zima?”
Ndiyo, mama.
“Halafu mlitibu?”
Ndiyo.
“Halafu mling'oe.”
Hilo la mwisho hakuliuliza.
Akasaini. Kalamu ilikuwa yangu,
akaondoka nayo.

Daktari Mkunde alitoboa tundu la punje ya ulezi
mpaka tone jekundu likachungulia.
La kushoto akalipaka chokaa,
ile ya siku zote, ya bei ya kila mtu,
inayokiunguza kiini kidogo ili kiamke.
La kulia akalipa saruji:
unga wa kijivu, kipakiti kilichovuka forodha mbili,
gramu moja kwa bei ya mbuzi.
Juu yake pamba iliyoloweshwa.

Jioni nikampigia kaka yangu Fanueli, anajenga Pasua.
Kwa nini maji juu ya saruji?
Akacheka. “Saruji haikauki, dada. Inashika.
Ukiiacha ikauke, imekufia mikononi.
Mwagilia siku saba,
hata kama mlima umefunga na unaisikia mvua.”

Wiki ya nane, koleo.
Fomalini. Kisha asidi,
siku baada ya siku, mpaka jino likatike kama muhogo uliochemka.
Nta. Wembe.
Kipande chembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
rangi ya zambarau, rangi ya waridi.
Nikafunga jicho moja.

Chokaa: daraja lipo, nisiidhulumu.
Lakini limetobokatoboka,
ukuta wa udongo uliopitiwa na mchwa,
na chini yake chembe za vita bado zimekusanyika,
hazijaambiwa warudi nyumbani.

Saruji:
nilinyamaza.
Ukuta mnene, mzima, mwisho hadi mwisho,
na nyuma yake seli zimejipanga
kama paredi ya asubuhi kabla ya wimbo,
na kiini kimelala
kana kwamba hakuna aliyewahi kubisha hodi.

Usipoziba ufa, tuliambiwa, utajenga ukuta.
Jino halikusoma shule yetu.
Liliuziba ufa kwa kujenga ukuta,
usiku na mchana, wiki nane,
Nderingo akila makande, akipiga danadana,
akilalia upande huohuo,
na tarehe ya koleo tayari iko ukutani kwetu,
imezungushiwa wino mwekundu.
Sijui nimwambie nani pole.

Niliandika ripoti. Saruji imeshinda.
Daktari akaongeza takwimu, zikakubali.

Alhamisi akaja Haikaeli wa Rau,
gego la chini, limeoza mpaka mlangoni pa kiini,
lakini kiini ki hai, kinaruka kikiguswa na maji baridi.
Ni mtu wa kuokolewa jino.
Akafungua fundo la kanga,
akahesabu noti juu ya meza, akazinyoosha moja moja,
akahesabu tena
kama vile ya pili ingetoka tofauti.

Daktari alinitazama.
Mimi nikatazama kabati:
kipakiti kimoja, nusu, kimeandikwa UTAFITI TU
kwa mwandiko wangu.

Nilimpa chokaa.
Nilijua ninachompa, nimekiona kwa jicho moja,
mashimo yake yote.
Na kwa mazoea,
au kwa aibu,
nikalowesha pamba.