Fomu Mbili

Ghorofa ya tatu, hospitali ya Tartu,
Helve anapewa fomu ya mwili:
tia alama palipo na maumivu.
Mchoro wa mtu asiye na uso,
mikono kando, kama anayepimwa suti.
Anatia alama vidoleni, viwikoni, goti la kushoto,
kisha kalamu inamponyoka.

Jengo la pili, ng'ambo ya theluji,
fomu nyingine, ya moyo:
wiki hii umelia mara ngapi?
Moja, anaandika.
Kwa nini, hakuna nafasi.

Ilikuwa Jumanne. Chupa ya matango ya siki
aliyoifunga mwenyewe mwezi Agosti,
vidole vilipokuwa bado vyake.
Kifuniko kikagoma.
Akakimwagia maji ya moto, akakigonga kwa kisu,
akakizungushia kitambaa,
mwisho akaketi sakafuni, chupa kifuani
kama mtoto aliyekataa kulala,
akalia.

Sasa niambieni, wenye fomu,
kilio kile kiandikwe wapi?
Kilianzia kidoleni kikapanda kooni,
au kilikuwa kooni tangu alipozikwa Endel,
kikachoka kusimama,
kikashuka kutafuta mfupa wa kukalia?
Maana usiku ule mikono iliumuka
kama unga uliotiwa hamira,
asubuhi kifungo cha blauzi kikamshinda,
na kwa kushindwa na kifungo hakwenda kwaya,
na kwa kukosa kwaya hakusema na mtu,
na kimya kile, jioni,
kikamwingia magotini.

Daktari Kõiv, kijana mpole, anasoma damu:
"Uvimbe umepungua. Nambari nzuri."
Nambari nzuri, anaitikia Helve,
kama mtu anayesifiwa koti la kuazima.
Kitanda hiki kakilalia yeye miaka kumi na moja;
kunguni wake anawajua kwa majina.
Yupo anayeuma mvua ikikaribia.
Yupo anayeuma simu isipolia.
Wanauma palepale.

Chupa, mwishowe, ilifunguliwa na Taavi wa chini,
mkono mmoja, simu sikioni,
wala hakukatiza mazungumzo.
Alipomaliza akauliza, "Naweza kuonja?"
Wakala wamesimama, jikoni, bila sahani,
yeye matatu, kijana matano,
siki ikiwatiririka viganjani.

Maumivu?
Yalikuwepo.
Yalisogea kidogo tu,
kama abiria kwenye benchi
anayempisha mwingine akae.