Mlango wa Arvid

Fargo, Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Bi Hjordis Tveit ananionyesha mlango wa kabati:
mwaloni mtupu, hauna hata tundu la sindano.
"Arvid aliuranda mwenyewe.
Hakuzipenda ngurumo za tanuri."

Nyuma yake tanuri linakohoa.
Mwali uliopaswa kuwa wa buluu
umegeuka manjano, unayumba
kama mtu aliyefunikwa blanketi usoni.

Namwambia: moto nao una mapafu.
Mlango huu unaziba sauti, kweli,
lakini usiku mmoja utaziba na yako,
na sumu hiyo haina rangi, haina harufu,
haibishi hodi.

Garini ninayo milango ya vibao mshazari,
ya msonobari, bei nafuu.
Anaitazama kama mjane anayeletewa mchumba.

"Kata huu huu."

Basi nikaung'oa kwenye bawaba, nikaulaza theluji ikinipiga,
nikaukata: uwazi mmoja juu, karibu na dari,
mwingine chini, vidole vinne kutoka sakafuni.
Nikapanga vibao, kila kimoja kimeinama kidogo,
hewa ipite, jicho lisipite.
Unga wa mwaloni ulinuka siki.

Tulipowasha, mwali ukasimama wima, buluu.
Ngurumo ikapenya vibao, ikajaa sebuleni.
Bi Hjordis akakaa, mikono mapajani, akasikiliza
mpaka chai yangu ikapoa.

"Kelele zenyewe ndizo hizi?
Kumbe linakoroma kama yeye."