Kipande cha Sabuni

Redio imesema, mvua ikipiga bati hapa Tukuyu:
meli za watalii huenda zikatia nanga Havana,
vikwazo vikilegezwa.
Huenda.
Nikaacha kumenya ndizi.

Nereida, mwaka ule wa themanini na nne
ulitukatia sabuni kwa uzi, nusu kwa nusu,
ukasema meli ikija tutaoga mpaka tuchubuke.
Sikukuambia kwamba kwetu nako
tuliipangia foleni sabuni ya mche,
mawe yakitushikia nafasi.

Nilirudi na shahada ya mifugo na Kihispania
ambacho ng'ombe wa Rungwe hawakukihitaji.
Ndama mmoja nilimpa jina lako.
Ndigana ikamchukua.

Sasa watashuka elfu tatu kwa ngazi moja,
wapige picha magari mabovu, kuta zinazobanduka,
waseme, pazuri, muda umegandia hapa.
Mmoja atainua kamera mlangoni pako.
Mtoze, Nereida. Mtoze hela ya kutazama.
Au funga mlango.

Tupokigwe anauliza nani amefariki,
mbona kisu mkononi na ndizi hazijamenywa.
Hakuna, nasema. Meli tu.
"Meli gani, na ziwa liko huko Kyela?"

Naomba sabuni.
Utomvu umeganda vidoleni.