Chumba Kisicho na Ardhi

Ndugu yangu Famau amepata fleti Lisboa:
mita za mraba thelathini na nane,
orofa ya nne, ngazi za mbao, lifti hakuna.
Jengo lina miaka mia mbili na ushei,
anasema, kana kwamba hapa Mkomani
tumeanza kujenga juzi.

Picha alizonitumia: jiko la upana wa jamvi moja,
bafu ambalo ukiinama kutia udhu
kisogo kinagonga ukuta.
Nje jengo limevishwa vigae vya buluu.
Nikazikumbuka sahani za kwenye zidaka zetu,
jinsi mama alivyoziuza, moja kila muhula,
kumlipia karo huyo huyo Famau.

Bei nimeigeuza shilingi nyuma ya bahasha,
nikazihesabu sifuri kwa ncha ya ukucha, mara mbili.
Ni nyumba yetu nzima: daka, kiwanda,
misana miwili, kisima,
na chumba cha ndani walimooshewa babu na nyanya.
Na bado atadaiwa na benki miaka ishirini.

"Dada, tuuze. Huku kodi inanila mifupa.
Mwenye nyumba atutoe sisi, aweke watalii."
Nikacheka, si kwa ubaya.
Huku pia, Famau.
Huku pia.

Mnunuzi akaja, mjane mpole wa huko huko Lisboa,
Bi Graça. Ameuza fleti ya marehemu mumewe
kwa bei ile ile inayomuua ndugu yangu,
na sasa anatafuta kwetu pa kupumzikia.
Ana kijidude cha kupimia, chenye mwale mwekundu.
Akaulenga ukuta wa ndani,
ukuta ukasema: sita nukta mbili.
Tangu lini ukuta wetu ukamjibu mtu upesi hivyo?

Hati ikatolewa kwenye mkebe wa biskuti.
Kaingu, kijana wa ofisi ya ardhi,
akaisoma, akatoka hadi njiani, akainua kichwa.
"Na hiki cha juu?"

Hicho ni wikio, mwanangu.
Chumba kilichovuka uchochoro,
mguu mmoja kwetu, mguu mmoja kwa Bi Mwanashee.
"Hakimo," akasema. "Hati ni ya ardhi.
Chini ya hiki pana njia ya watu."
Akatafuta kwenye fomu kisanduku
cha kutia tiki chumba kisicho na ardhi.
Akakosa. Akafunga kalamu.

Kwa mirathi Famau ana mafungu mawili, mimi moja.
Usiku nikampigia. Sikumuuliza bei.
"Dirisha lako linaona nini?"
Akanyamaza.
"Dirisha la mzee mmoja. Anaanika soksi.
Asubuhi huniinulia kikombe."

Basi nikajua huyo harudi.

"Chukua," nikamwambia. "Nikate kwenye fungu langu
utakavyo, lakini wikio siuzi."
Bi Graça hakubisha; aliomba tu
mlango wa upande wake uzibwe.
Mimi naingilia kwa Bi Mwanashee,
napita katikati ya jiko lake kila siku,
naonjeshwa mchuzi nitake nisitake,
naambiwa nimekonda.

Fundi alimaliza jana. Chokaa bado mbichi,
ukiigusa inabaki na kidole chako.
Sasa Famau ana hewa yake, orofa ya nne,
nami nina yangu, juu ya vitwa vya watu.
Wana wa baba mmoja,
hatuna hata shubiri ya udongo.
Punda wa mchanga wanapita chini,
sakafu inatetemeka kidogo,
nami nahesabu kwato kama mwenye kupokea kodi.

Upande wa pili wa chokaa mtu anapigilia msumari,
taratibu, kama anayeogopa kuamsha nyumba.
Nadhani anatundika sahani.