Thamani ya Soko

Bi. Mkumbo alifika Kikombo saa tatu asubuhi
na glavu nyeupe, lenzi, mizani ya sonara
na fomu tatu zilizokwishagongwa muhuri.
Upepo ulikuwa umeanza kazi kabla yake:
vumbi jekundu mezani, vumbi kwenye kanga ya mama,
vumbi ndani ya chai.
"Mbukwa," akatuamkia, akakosea kidogo, maana kwao Singida.
Tukampenda kwa kukosea.

Hakimu alitaka orodha. Mali yote ya marehemu
Ezekia Chilewa, mtoa ishara wa reli, mstaafu,
kila kitu na bei yake, kwa mkono wa mtu mwenye leseni,
kwani kaka zangu walikwishathamini kwa midomo.
Nhonya anasema mamilioni, ana mteja Mzungu.
Ndahani anasema takataka, kodi isije ikatukaba.
Msimamizi wa mirathi ni mimi.
Siku ya kusaini mkono ulitetemeka,
wino haukutetemeka.

Tukaanza.
Filimbi moja ya shaba, mdomo umeota ukijani: elfu kumi na tano.
Bendera mbili, elfu ishirini kwa pamoja.
Ya kijani imechakaa kuliko nyekundu.
"Alikuwa mtu wa kuruhusu," alisema Bi. Mkumbo,
lakini hilo hakuliandika.
Koleo la kutobolea tiketi: elfu arobaini.
Tiketi za kadibodi, mia mbili na kumi na mbili,
Gulwe, Igandu, Saranda, Itigi,
daraja la tatu, safari ambazo hakuna aliyezisafiri.
Alizihesabu mara mbili, kama karanga za mbegu.
"Hizi zina watu wake. Hawalali, wanazitafuta."
Elfu tatu kila moja.
Nhonya akapiga hesabu juu ya kiganja.

Mama akauliza, hiyo thamani ya soko ndiyo nini?
Ni bei, akajibiwa, ambayo mnunuzi asiyelazimishwa
angempa muuzaji asiyelazimishwa.
Mama akacheka, mara ya kwanza tangu matanga.
"Basi humu ndani muuzaji hayumo."

Taa ya ishara niliileta mwisho, nimeikumbatia.
Vioo vitatu, utambi bado unanuka.
Kwa upande mweupe tulisoma hadi darasa la saba,
sita tukibanana kwenye mwanga wa sahani moja.
Upande mwekundu ulikuwa wa baba:
akiugeuza, hakuna mtoto kufungua mdomo.
Nhonya alikwishaninong'oneza: laki nane, usikubali chini.
Bi. Mkumbo akaipindua, akapangusa kitako kwa kidole gumba,
akaweka lenzi,
akanyamaza muda wa treni ya mizigo kupita.
Herufi za shirika. Namba.
"Hii baba yenu hakuinunua."

Hakusema aliiba.
Alisema, "Haimo kwenye mirathi.
Nikiiandikia bei, nitakuwa nimewaandikia kesi."
Kwenye safu ya thamani akachora kistari,
kwenye safu ya maelezo: mali ya reli, irejeshwe.
Ndahani, ambaye wiki nzima aliiita takataka,
alitoka nje akaenda kusimama karibu na zizi.

Jumla: laki saba na elfu kumi na moja.
Ada yake: laki mbili na nusu, na risiti akatoa.

Jumatatu niliifunga taa kwenye kanga, nikaipeleka stesheni.
Mkuu wa stesheni ni kijana, mdogo wangu kwa miaka kumi.
Alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena.
Mfumo hauna mahali pa kuipokea.
"Kaa nayo, mama. Nitapiga simu."
Hajapiga.

Iko mezani hivi ninavyoandika,
si yetu, si yao,
karibu na fomu yenye kistari.
Jana usiku mama alimimina mafuta, akaiwasha
pasipo kumwuliza msimamizi,
akageuza kioo cha kijani kuelekea njiani.
Treni ya umeme ikapita kule mbali,
madirisha yake yote yakiwaka.
Haikuhitaji ruhusa.
Aliipa hata hivyo.