Kovu la Shingoni

Mundhir kaileta ikiwa uchi,
fremu peke yake, nyuma ya pikapu,
kaiviringa blanketi la mamake
kama mgonjwa wa mgongo.
"Shangazi, sema neno moja tu: salama."

Neno hilo mimi sina.
Miaka kumi na saba nakagua mabomba ya gesi;
kazi yangu ni kusema "sijaona ubaya,"
kisha natia sahihi, na tarehe, na saa.

Tukaiweka juu ya matofali manne
kwa Gulzaman, sanaiya ya Ghala,
alfajiri, bati la paa halijaanza kuchoma.
Nyuma haina shokomzoba. Ndivyo anavyoipenda:
mstari mmoja, shingo hadi ekseli,
umeteremka kama kanzu iliyotoka kwa dobi.
Nikamwambia: kila tuta la njia ya Amerat,
kila shimo ambalo wadi imelichimba usiku,
halitakuta springi.
Litapanda na chuma mpaka kiunoni mwako,
na njiani litauliza kila kiungo: upo?

Nikavuta uzi, ule wa kushonea kofia,
kutoka shingoni mpaka nyuma. Umepita katikati.
Nikashusha timazi. Sawa.
Nikagonga mabomba kwa mpini wa bisibisi,
yakaitika kwa sauti moja.
Nikapima unene wa bomba: milimita tatu kasoro kidogo.
Mundhir akaanza kutabasamu.

Na maungio ya nyuma, wallahi, nimeyapenda.
Mshono wa Gulzaman umekaa kama ukili,
kila pindo limelala juu ya mwenzake,
mkono haukutetemeka hata mara moja.

Lakini shingoni hapana ukili.
Shingoni ni laini, shavu la mtoto mchanga.
Kidole kikapita, hakikukuta kitu,
na hapo ndipo tumbo liliponikaza.

Nikapaka wino mwekundu. Tukanywa karaki tukingoja.
Nikapangusa, nikapuliza unga mweupe.
Dakika moja.
Mbili.
Grenda ya jirani ikanyamaza, sijui kwa nini.
Kisha kwenye weupe ule ukachomoza
unywele mmoja mwekundu, mrefu kama ukucha,
ukanenepa mbele ya macho yetu.

"Nani kasaga hapa?"

Gulzaman akatazama ndala zake.
"Mimi," akasema Mundhir. "Niliazima mashine.
Nilitaka ionekane haikuungwa,
kama imezaliwa hivyo."

Ndipo Gulzaman, kwa Kiarabu chake cha kuokota:
"Hapo ndani moto wangu haukufika, mama.
Nilijua. Nikaongeza juu, ukashika.
Sasa huko juu hakupo."
Nikawatazama wote wawili,
mmoja kaficha chini, mwingine kafuta juu,
na kati yao shingo ya kijana wa miaka ishirini na mbili.

"Si tuzibe tu?"
Ufa wa ukuta huzibwa, Mundhir.
Huu hukatwa.

Sikutia sahihi. Nilibaki pale mpaka msumeno ukapita,
mpaka shingo ikaanguka sakafuni na kulia,
nikaiokota ingali moto, nikaifunga kwenye leso.
Ipo ofisini. Wageni hudhani ni kibweta cha kalamu.

Shingo mpya ilichomelewa mbele yangu,
safari hii moto ukaingia mpaka ndani.
Nikarudia wino. Weupe ukabaki weupe.
"Sema basi," akasema.
Nikasema: sijaona ubaya.
Akacheka, akapaka fremu nzima rangi ya komamanga
ila pale shingoni. Pale ameacha ukili wazi.

Siku hizi baada ya Isha hupita kichochoro chetu, Mawaleh.
Matuta ni matatu.
Nikimsikia nazima feni ya jikoni.
La kwanza.
La pili. Hapo huongeza mwendo, mjinga yule.
Mwiko uko hewani, wali unashika chini.
La tatu:
mnyororo unapiga mara moja, na mlio unaendelea,
unapinda kwenye msikiti, unaendelea.

Nawasha feni.